Nukta ya Tano

Skrini ya shemeji yangu ilikuwa na nukta nne zilizokufa. Ili kampuni iibadilishe bure zilitakiwa tano. Waranti ilikuwa imebakiza siku tisa.

Tatizo lenyewe ni hilo, halina kona wala ghorofa. Nalieleza hivi kwa sababu wengi wanaokuja dawatini kwangu huanza na habari za ukoo mzima kabla ya kunionyesha kifaa. Mimi hukaa kwenye dawati la waranti, nyuma ya duka, kati ya stoo na choo cha wafanyakazi. Nimekaa hapo miaka kumi na moja. Mtu akileta redio iliyonyamaza, pasi isiyopata moto au skrini yenye kasoro, mimi ndiye ninayesema kama atabadilishiwa au atarudi nayo nyumbani. Wenzangu wananiita Hakimu. Sijawahi kulipenda jina hilo na sijawahi kulikataa.

Skrini ya kompyuta, ukiitazama kwa lenzi, si kioo kitupu. Ni nukta, zaidi ya milioni mbili, zimebanana safu kwa safu kama punje kwenye gunzi, na kila moja inawaka rangi yake. Nukta ikifa inabaki nyeusi hata skrini nzima ikiwa nyeupe pe. Wanaozitengeneza wanajua kwamba kati ya milioni mbili hazikosi chache zilizozaliwa vibaya, kwa hiyo wameweka kiwango. Kwa aina aliyonunua shemeji, kiwango ni nne. Nukta nne, skrini ni nzima, asante kwa kutuchagua. Nukta tano, ni mbovu, unapewa mpya. Watu hukasirika wakisikia hivyo. Siwalaumu. Lakini hakuna anayerudisha gunia la maharage dukani kwa sababu ya kijiwe kimoja.

Shemeji alikuja Jumanne asubuhi, ameikumbatia skrini kifuani kama mtoto aliyelala.

“Hakimu, shikamoo.”

“Marahaba, mshtakiwa. Umeleta nini?”

“Nimekuletea mgonjwa. Na usinipangishe foleni, mimi ni ndugu wa damu.”

“Damu ya nani? Mimi nilimuoa dada yako, sikukuoa wewe.”

“Ulioa kifurushi kizima, shemeji. Mimi nilikuwa ndani.”

Dada wa kaunta, ambaye meza yake inatazamana na yangu, alicheka mpaka mteja aliyekuwa mbele yake akasahau alichokuja kununua.

Shemeji ni kitinda mimba kwao mke wangu. Asubuhi anafanya kazi ghala la vigae, anashusha makasha kutoka kwenye malori. Akitoka huko saa nane anakwenda chumbani kwake, anafunga mlango na kutengeneza picha za zamani kwa kompyuta. Unampelekea picha iliyochanika, iliyoliwa na mende, iliyofifia mpaka marehemu amebaki wekundu mtupu, naye anakurudishia mtu mzima mwenye macho. Mtaani wanamwita Fundi Sura. Kazi hiyo alijifundisha mwenyewe. Anaifanya vizuri, hilo namkubalia, ingawa sijawahi kumwambia.

Mwezi ule alikuwa amepata mlango. Maktaba ya chuo ilikuwa na picha elfu moja na mia mbili za miaka mingi, za rangi, zote zimeharibika, na ilitafuta mtu wa kuzitengeneza kwa mwaka mzima kwa mkataba. Walimpa picha ishirini za majaribio. Akifaulu, anaacha vigae. Asipofaulu, wana mtu mwingine aliyepewa majaribio hayo hayo. Tarehe ya kuzipeleka ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tatu, siku kumi na saba kutoka Jumanne ile. Saba alikwishazimaliza na kuzipeleka.

“Sasa tatizo nini?” nilimuuliza. “Si unaendelea vizuri?”

“Mkutubi amenirudishia moja. Bibi harusi ana kidoa shavuni. Kwenye skrini nilikiona, nikadhani ni nukta yangu, nikakiacha. Kumbe ni uchafu wa picha. Nimeshakifuta na kuirudisha. Ananiambia, kijana, ukileta nyingine kama hii usijisumbue kuleta zinazobaki.”

“Kwa nini usiisogeze picha? Nukta ya skrini haisogei, kidoa cha picha kinasogea.”

“Ndivyo ninavyofanya. Kila kidoa nasogeza. Picha moja ina vidoa mia nne, shemeji. Mia nne! Nasogeza mpaka naota nasogeza.”

Nilichukua skrini. Kwanza niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu nusu ya nukta ninazoletewa ni kinyesi cha nzi. Aliwahi kuja mzee mmoja na nukta tisa, nikafuta, zikaondoka nane, ya tisa ilikuwa rangi ya kucha. Niliiwasha, nikasubiri dakika kumi, nikalaza juu yake karatasi yangu ya plastiki iliyochorwa miraba. Nikapita mraba kwa mraba na lenzi, kwenye nyeupe, nyekundu, kijani, buluu na nyeusi. Kila nukta niliyoikuta niliitia alama ya wino juu ya plastiki. Nilirudia mara tatu. Ndivyo ninavyofanya kazi na sijawahi kukosea hesabu.

“Nne,” nilisema.

“Tano.”

“Nne. Njoo uhesabu mwenyewe.”

“Hapa ni nne. Nyumbani ni tano. Ya tano haiji mpaka skrini ipate moto. Saa mbili, tatu hivi, ndiyo inatokea, tena katikati kabisa, karibu na wenzake.”

“Nukta yenye ratiba.”

“Wallahi, shemeji. Iache iwake tu uone.”

“Fomu inasema dakika kumi.”

“Fomu ni yako au ya Mungu?”

“Ya kampuni. Mwenye kifaa kinachofuata!”

Aliibeba skrini yake. Alipofika mlangoni aligeuka akamwambia dada wa kaunta, kwa sauti ya kunifikia, “Dada, ukija kuolewa, kwanza muulize bwana kama nduguzo wanahesabiwa baridi au moto.” Akaondoka.

Jioni, nyumbani, nilijua mambo yamekwishafika kabla sijavua viatu. Mke wangu aliniwekea chakula mezani bila neno. Yeye si mtu wa kununa, akikasirika anasema, kwa hiyo nilianza kula haraka.

“Baba watoto.”

“Naam.”

“Mdogo wangu alikuja kwako leo.”

“Alikuja.”

“Ukamhesabia nne.”

“Zilikuwa nne.”

“Na alikwambia ya tano inakuja baadaye.”

“Aliniambia. Kila mtu ananiambia kitu. Juzi mmoja aliniambia redio yake inaongea usiku tu.”

“Huyu si kila mtu. Huyu ana mgongo unaomuuma tangu mwaka juzi na anabeba vigae. Unajua kasha moja la vigae lina uzito gani?”

“Mke wangu, kanuni…”

“Kanuni ndiyo inayokufulia? Kanuni ndiyo inayokuamsha asubuhi? Sikuambii udanganye. Nakuambia uwashe skrini ukae nayo. Wewe si ndiye unajisifu huna haraka?”

Mtoto wetu wa kwanza alinyanyuka na sahani yake akaenda kulia chumbani. Ndipo nilipojua kwamba nimeshindwa.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kazini, nikatoa kwenye droo kijitabu cha waranti cha skrini zile. Sehemu ya namba naijua kwa moyo. Sehemu ya maneno nilikuwa sijaisoma tangu siku nilipopewa. Mimi niliacha shule darasa la sita, na maneno mengi yaliyobanana yananichosha macho, sioni aibu kusema. Nilikisoma kwa kidole. Kilisema nukta zihesabiwe skrini ikiwa katika matumizi ya kawaida. Hakikutaja dakika. Dakika kumi zilikuwa kwenye fomu yetu ya dukani, mtu aliziweka ili foleni isonge.

Matumizi ya kawaida. Fundi anakaa mbele ya skrini yake saa tano, sita. Hiyo ndiyo kawaida yake. Nukta inayokuja saa ya tatu ni nukta halali.

Nikampigia.

“Lete skrini.”

“Nani amefariki?”

“Lete skrini, acha mchezo. Nitaiwasha mpaka mchana.”

Nilisikia malori nyuma yake, alikuwa ghalani. “Shemeji, ngoja kwanza. Ikikubaliwa, mpya inachukua muda gani? Nimebakiza siku kumi na sita na picha kumi na tatu.”

“Lazima iende makao makuu, wao ndio wanaoidhinisha. Siku tano. Ikichelewa sana, saba.”

“Na siku hizo nafanya kazi kwa nini, kwa kioo cha kunyolea? Au niache tu? Hizi nukta nimeshazizoea. Nasogeza hivyo hivyo, nitamaliza.”

“Ulilia jana yote, leo unaacha? Waranti inakwisha Alhamisi ijayo. Ikipita umeoa hizo nukta. Lete.”

Hilo neno la mwisho nimelirudia kichwani mara nyingi. Yeye alisema aache. Mimi nilisema lete.

Aliomba ruhusa tena ghalani akaileta saa tatu. Niliiwasha kwenye kona ya meza yangu, skrini nyeupe tupu, nikaendelea na wateja. Kila baada ya nusu saa niliweka plastiki na kuhesabu. Nne. Nne. Nne. Nne. Dada wa kaunta akaanza kuniuliza kama ninaatamia mayai. Saa sita kasorobo nilipita na lenzi nikaiona. Upana wa kucha kutoka kwa wenzake, ndogo, nyeusi, imetulia kama vile ilikuwepo siku zote. Nilisogeza plastiki kidogo, haikusogea nayo. Nikafuta, haikufutika. Nikaitia wino.

“Tano,” nilisema.

“Hongera,” dada wa kaunta alisema. “Kifaranga cha nani?”

Nilijaza fomu. Namba ya kifaa. Tarehe ya kununua. Nukta nyeusi: tano. Nukta zisizozimika: sifuri. Sahihi yangu. Chini ya sahihi kuna mistari mitatu iliyoandikwa Maelezo. Katika miaka kumi na moja sijawahi kuandika kitu kwenye mistari hiyo.

Dada wa kaunta alikuja kuchukua fomu ili aipige muhuri. Aliitazama. “Hujaandika maelezo.”

“Maelezo gani?”

“Kwamba inataka kupata moto.”

“Namba inajieleza. Tano ni tano.”

“Haya, Hakimu.” Akapiga muhuri.

Sikuwa na haraka siku hiyo. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua maneno ya kuandika, na pengine herufi zake zisingekuwa nzuri, lakini zingesomeka. Niliona tu kwamba fomu yenye namba peke yake ni safi zaidi, na kwamba mtu anayeanza kujieleza anaonekana hana uhakika. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Alhamisi gari la mizigo liliichukua.

Shemeji alikaa akisubiri. Siku tano zilipita, akanipigia. Nikamwambia saba. Hakunilaumu, alisema tu, “Basi mimi ni mjane mpaka Alhamisi.” Mchana alikuwa ghalani, jioni alikaa chumbani kwake mbele ya meza tupu akipanga picha kwa mikono, akiandika kwenye daftari kila picha ina kasoro gani, ili skrini ikija asipoteze muda. Mke wangu alikwenda kumwona akanisimulia. Alisema amepanga picha kumi na tatu kitandani na yeye analala sakafuni. Mimi sikwenda.

Siku ya saba ilikuwa Alhamisi, na ndiyo siku waranti ilipokwisha. Nilipiga simu makao makuu, wakasema iko kwenye foleni. Nilimuuliza aliyepokea kama kuchelewa kwao kunadhuru, akasema hapana, madai yaliyopokelewa ndani ya muda yanahesabika. Nilitulia.

Lakini shemeji asingeweza kusubiri tena. Alikuwa amebakiza siku nane. Nyumbani kwetu, nyuma ya kabati, kulikuwa na skrini ya zamani, nene, niliyoinunua mtoto wa kwanza alipokuwa darasa la pili. Niliifuta vumbi nikampelekea mwenyewe.

Aliiwasha, akaikunjia uso. “Hii ina manjano.”

“Ina nini?”

“Kila kitu ni cha manjano, shemeji. Ona hii nyeupe. Imekuwa kama meno ya mvuta sigara.”

“Haina nukta hata moja iliyokufa. Nimeihesabu.”

“Najua umeihesabu,” alisema, na akacheka kidogo. “Haya. Nitakuwa nazidisha buluu ili kuvunja manjano. Nitakisia.”

Alikisia siku sita. Ghalani aliomba likizo bila malipo, wakampa. Alifanya picha mbili kwa siku, mara nyingine tatu, na mke wangu alimpelekea chakula.

Jumatatu nikiwa dawatini simu iliita. Alikuwa fundi wa makao makuu, anayehesabu kama mimi. Simjui sura. Sauti yake ni ya mtu mpole anayekula huku anaongea.

“Mzee, nina skrini yako hapa. Umeandika tano.”

“Ni tano.”

“Naona nne.”

“Umeiwasha muda gani?”

“Dakika kumi na tano. Nimekuongezea tano za heshima.”

“Haitoshi. Hiyo inataka saa tatu. Ya tano inakuja ikishapata moto.”

Alimeza alichokuwa anakula. “Umeandika wapi?”

Niliitazama kalamu iliyokuwa mezani.

“Mzee? Maana nina fomu hapa mbele yangu. Maelezo hayana kitu. Wenzako wa matawi mengine wanaandika. Mmoja juzi aliniandikia kwamba televisheni inazima jirani akiwasha pampu. Nikatafuta pampu, nikaona kweli. Ungeandika tu, ningeiwasha asubuhi nikaja kuitazama mchana. Hainigharimu kitu.”

“Basi iwashe sasa.”

“Nimeshaandika nne, mzee. Imeshaingia kwenye mfumo tangu asubuhi, imekataliwa. Nimekupigia kwa uungwana, kwa sababu wewe hukosei, nikashangaa.”

“Tutaleta madai upya.”

“Waranti imekwisha Alhamisi. Madai mapya hayapokelewi. Yale ya kwanza ndiyo yaliyokuwa yameishikilia.”

Nilimwambia kuna mtu anategemea. Akasema, “Pole sana,” na nadhani alimaanisha. Nilijaribu meneja wetu, naye akampigia meneja wa huko. Wale wawili waliongea dakika nne, nikaambiwa fomu ni fomu. Maneno hayo hayo nimewaambia watu mia kadhaa.

Nilimwambia shemeji siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Nilimwambia yote, pamoja na mistari mitatu. Alikuwa na mgongo kwangu, anatengeneza shingo ya mwalimu fulani aliyekufa zamani. Hakugeuka.

“Kwa hiyo inarudi lini?”

“Alhamisi.”

“Nzima?”

“Kama ilivyokwenda.”

“Basi sawa. Nitapata siku moja ya kuzikagua.” Akaendelea na shingo.

Alhamisi mchana gari liliileta. Niliibeba mwenyewe mpaka kwake, nikamsaidia kuchomeka waya. Picha zote kumi na tatu zilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Alifungua ya kwanza.

Walikuwa wanafunzi wanne kwenye ngazi. Nguo zao zilikuwa nzuri, mikunjo yote ipo, ngazi imepona nyufa. Nyuso zao zilikuwa za buluu. Si buluu ya kupakwa, ile inayotoka kwa ndani, kama watu walioopolewa majini. Akafungua ya pili, ya tatu, akapita zote. Wote walikuwa wamezama.

“Manjano,” alisema.

“Zinarekebishika?”

“Zinarekebishika. Kila uso peke yake. Ukivuta buluu kwa pamoja nguo zinageuka kahawia.” Aliangalia saa. “Kesho saa sita niwe maktaba.”

Nilikaa. Sikuwa na la kufanya pale lakini nilikaa mpaka giza likaingia, kwenye kitanda, na yeye alifanya kazi. Kila alipokutana na kidoa aliisogeza picha, kisha akairudisha. Hakusonya hata mara moja. Zilipopita kama saa tatu tangu aiwashe, nilimwona amesogeza uso karibu na kioo. Nikajua ya tano imefika. Hatukuisema.

Alirekebisha nne. Alizipeleka zote kumi na tatu, kwa sababu kutozipeleka kungekuwa kushindwa bila hata kujaribu, na pengine mkutubi angeona zile nne akaelewa. Mimi nilimsindikiza hadi ukumbini, nikabaki kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia.

Mkutubi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alizitazama picha moja moja bila haraka, akiziweka mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa dogo.

“Hizi umefanya wewe?”

“Ndiyo, mama.”

“Na hizi?”

“Zote ni zangu, mama. Hizi nilitumia skrini ya kuazima. Rangi zake…”

“Mwanangu, sikiliza. Hizi chache ni nzuri kuliko za mwenzako. Nakwambia ukweli. Lakini mimi natia sahihi kazi ya mwaka mzima. Siwezi kutia sahihi nikijua kwamba wiki nyingine unafanya hivi na wiki nyingine hivi.”

“Naomba wiki moja tu.”

“Tarehe ni leo. Mwenzako ameleta ishirini.”

Nilifikiria kuingia na kumweleza kuhusu waranti. Nilisimama kabisa. Kisha nikaona nitakachoeleza, maneno yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, yakihusu nukta moja ndogo kuliko punje ya chumvi. Hata hivyo niliingia. Nilimwambia kosa ni langu, nilishindwa kujaza fomu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema shemeji. Akasema, “Asante kwa kusema, baba,” akavaa miwani, na akarudi kwenye karatasi zake.

Njiani shemeji alisema neno moja tu. “Angalau umemaliza maelezo.” Sikujua kama ni utani. Zamani nilikuwa ninajua.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinisikiliza jikoni, akaosha vyombo, akafuta meza. Akasema, “Nilikuambia uwashe ukae nayo.” Nikamwambia niliwasha na nilikaa. Akasema, “Ulikaa nayo, ndiyo,” akaenda kulala.

Sasa hesabu yake ni hii. Shemeji alikaa siku kumi na tano bila skrini yake. Likizo aliyoomba ghalani ilikuwa siku nane na haikulipwa. Kati ya picha ishirini, nzuri zilikuwa kumi na moja, mbovu tisa. Picha elfu moja na mia mbili zimekwenda kwa mtu mwingine, ambaye bado anazo. Skrini ya zamani nimeitupa. Ile yenye nukta tano ameiuza kwa kijana wa mchezo wa mpira wa kompyuta, aliyesema hazionekani. Ghala lilimrudisha, lakini nafasi ya shifti ya asubuhi ilikuwa imechukuliwa, kwa hiyo anaingia saa saba na kutoka saa tatu usiku, na picha hatengenezi tena, maana saa hizo ndizo alizokuwa anatengeneza. Dukani kwangu hajakanyaga tangu siku ile, miezi saba sasa. Nyumbani kwetu anakuja pale tu dada yake anapokuwa peke yake. Anashusha makasha mia mbili na arobaini kwa siku, siku sita kwa wiki.